Koo jeusi, koo jeupe: maswali yenu kuhusu apalisi wa Taita na ndugu yake

Toleo lililopita tulisema kwa mistari miwili tu kwamba apalisi wa Taita, kindege cha misitu ya milima ya Taita nchini Kenya, yumo katika daraja la hatari kubwa kuliko yote, ilhali ndugu yake wa karibu, apalisi mwenye mkanda kifuani, hayumo hatarini. Mistari miwili haikutosha. Barua zimefika kutoka Wundanyi, Voi, Kibwezi, Lushoto, Same, hata Toronto. Tumejibu zile zinazowagusa wengi, na zile mbili zilizouliza bei ya ndege huyu sokoni tumeziweka kando. Vitabu vingine vya Kiswahili vinamwita kolokolo. Ukikutana na jina hilo, ni huyu huyu.

Shamba letu linapakana na msitu wa Ngangao. Kuna vindege vya kijivu vinavyorukaruka kwenye vichaka vya ukingoni. Nitajuaje kama ni apalisi wa Taita?
Msomaji, Wundanyi

Tazama koo kwanza, kisha jicho, kisha usikilize. Apalisi wa Taita (*Apalis fuscigularis*) ni mdogo, urefu wa sentimita 11 hadi 12 pamoja na mkia. Mgongo ni wa kijivu cha giza. Koo na sehemu ya juu ya kifua ni nyeusi au hudhurungi iliyokolea, na weusi huo unakatika ghafla unapokutana na weupe wa tumbo. Jike ana koo lililofifia, la kijivu zaidi, kwa hiyo usimkatae kwa sababu hiyo tu. Jicho lenyewe ni jeupe lenye umanjano kidogo, na katika kivuli ndilo linaloonekana kabla ya kitu kingine.

Ndugu yake, apalisi mwenye mkanda (*Apalis thoracica*), ana koo jeupe, na chini yake mkanda mmoja mweusi mwembamba unaovuka kifua. Pembeni mwa mkia ana manyoya meupe yanayoonekana akiruka. Mgongo wake hubadilika kwa mahali: kwingine kijivu, kwingine kijani, na tumbo laweza kuwa jeupe au la manjano. Lakini huyo haishi Taita, kwa hiyo ukiwa Ngangao hatakusumbua. Wa kukusumbua ni wengine wawili. Wa kwanza ni kinengenenge wa Taita, ambaye naye hapatikani nje ya milima ya kwenu isipokuwa Kasigau. Ni wa kijani, hutembea kwa makundi, na weupe wake ni duara la manyoya kuzunguka jicho, wala si jicho lenyewe. Wa pili ni apalisi wa kifua cha manjano, ndege wa vichaka vikavu vya chini kuelekea Voi. Ukiona manjano kifuani, huyo si wako.

Sauti husaidia kuliko macho. Dume na jike huimba kwa kupokezana: mmoja anarudia noti moja kali kwa haraka, mwenzake anaingilia kwa noti tofauti kabla wa kwanza hajamaliza. Kaa kimya ukingoni kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Watazame wanavyokula: hupekua majani mmojammoja, mara nyingi upande wa chini wa jani, wakitafuta viwavi, buibui na wadudu wadogo. Kindege kinachookota chakula chini kwenye mahindi, au kilichoko katikati ya mikaratusi mitupu, karibu hakika si apalisi wa Taita.

Kama wanafanana kiasi hicho, nani aliamua kwamba ni spishi mbili? Au ni mbinu ya kupata fedha za uhifadhi?
Mwalimu wa sekondari, Voi

Swali zuri, Mwalimu, hata sehemu yake ya pili. Apalisi mwenye mkanda alipewa jina la kisayansi mwaka 1811, kutokana na ndege wa Afrika Kusini. Wa Taita alielezwa mwaka 1938 na Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Kwa miaka mingi orodha zilimhesabu wa Taita kama nususpishi tu ya yule wa 1811. Wengine wawili walikuwa katika hali hiyo hiyo: yule mwenye koo la manjano wa milima ya Mulanje, Zomba na Malosa huko Malawi, na yule wa mlima Namuli, Msumbiji. Wote watatu wana rangi ambazo hazichanganyiki na za wenzao, na kila mmoja amefungiwa kwenye milima yake bila msitu wa kuiunganisha na mingine. Ndiyo sababu waliotenganishwa ni hao, wakati nususpishi nyingine zaidi ya kumi zimebaki ndani ya *thoracica*.

Kuhusu fedha: uamuzi wa spishi hufuata umbo, rangi, sauti na vinasaba, lakini ni kweli una matokeo. Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, hupima zaidi spishi nzima. Wa Taita angebaki nususpishi, angefunikwa na wingi wa ndugu zake wanaofika hadi Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, na daraja lake lingesomeka "wasiwasi mdogo" hadi siku ambapo wa mwisho angetoweka. Kwa hiyo hoja yako unaweza kuigeuza: kabla ya kutenganishwa, takwimu ndizo zilizokuwa zikidanganya.

Naomba maelezo ya hizo "daraja". Ndege wawili wa ukubwa mmoja, chakula kimoja, kiota kimoja. Iweje mmoja awe juu kabisa ya hatari na mwingine chini kabisa?
Msomaji, Mombasa

Kwa sababu daraja halimpimi ndege. Linapima idadi yake, eneo lake, na mwelekeo wa hivyo viwili. Ukubwa, uzuri na hata uadimu wa kuonekana havimo.

IUCN ina vigezo vitano, na spishi ikitimiza kimoja tu inaingia. Kwa daraja la "hatarini kabisa", lenye alama CR, kigezo cha eneo kinataka mahali panapokaliwa kweli pawe chini ya kilomita 10 za mraba, au mipaka ya nje ya usambazaji iwe chini ya kilomita 100 za mraba, pamoja na mambo mawili kati ya matatu: makazi yawe yamekatika vipandevipande au yamebaki mahali pamoja, pawe na upungufu unaoendelea, au idadi iwe inapanda na kushuka kupita kiasi. Kigezo cha idadi kinataka ndege wazima wawe chini ya 250 na waendelee kupungua, ama kwa kasi, ama wakiwa wametawanyika katika makundi madogo yasiyozidi 50 kila moja. Wakishuka chini ya 50 kwa jumla, hakuna sharti jingine linalohitajika. Daraja linalofuata, "hatarini" au EN, linaruhusu eneo linalokaliwa hadi kilomita 500 za mraba na ndege wazima hadi 2,500.

Sasa chukua ramani. Msitu wa asili uliobaki Dawida (sehemu kuu ya milima ya Taita) na Mbololo, ukiujumlisha wote, haufikii kilomita 10 za mraba. Mbololo ina takriban hekta 200, Ngangao takriban 120, Chawia chini ya 100, na baada ya hapo ni vipande: Fururu, Vuria, Yale, Susu, Ndiwenyi, Msidunyi, vingine vya hekta chache tu. Kati ya kipande na kipande kuna mashamba, barabara na miti ya kigeni. Apalisi huyu hashuki chini ya takriban mita 1,500, na kwenye mlima Kasigau, ulio peke yake kusini-mashariki, hayupo kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya msitu wa asili wa Taita ulikwisha kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wataalamu walipolinganisha hesabu ya 2001 na ile ya 2009 hadi 2010, ndege walikuwa wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja, katika muda usiofika miaka kumi.

Mwenye mkanda anaanzia Chyulu, anapita Kilimanjaro, Pare na Usambara, anashuka kwenye milima ya kusini ya Tanzania na Malawi, hadi pwani ya Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini. Huko kusini hachagui sana: anaishi vichaka vya pwani, kingo za mito, hata bustani za mijini. Hakuna kigezo kati ya vile vitano anachokaribia.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipuuza, nalo ndilo linaloeleza mengi. Ungetarajia apalisi wa Taita awe mwingi Mbololo, msitu mkubwa na uliotulia kuliko yote. Huko ni wachache. Mwingi Mbololo ni mkesha wa Taita (*Turdus helleri*), naye pia ni wa milima hiyo tu na anatishiwa. Mkesha hutafuta chakula kwenye majani yaliyooza chini ya kivuli kizito. Apalisi hutaka pale mti ulipoanguka, mwanga ukaingia na vichaka vikasongamana, au ukingo wa msitu ambao haujafyekwa. Kwa hiyo msitu unaweza kuonekana mzima kwa juu, picha ya setilaiti ikawa ya kijani safi, na apalisi akawa amekwisha ndani yake kwa sababu chini pamelimwa na mapanga na mbuzi.

Kikundi chetu cha vijana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kinasafisha msitu: tunafyeka vichaka, tunaokota kuni zilizoanguka, tunapalilia njia. Je, tunamsaidia?
Kikundi cha vijana, Mgange

Okoteni plastiki na chupa, na njia zipalilieni. Kufyeka acheni, tafadhali.

Vichaka vya chini ndiyo nyumba, ghala na ngome ya ndege huyu. Kiota chake ni kijifuko cha umbo la yai chenye mlango upande wa juu, kilichosukwa kwa utando wa buibui, nyuzi laini za mimea na kuvumwani. Kikipoteza kifuniko cha majani, nyani, kima, nyoka na ndege wala mayai hukiona bila shida. Hata mkipita bila kukigusa, mmeshakiweka hadharani.

Njia ikiwa na upana wa mita moja inatosha watu kupishana. Mkiipanua hadi tatu mnaikata himaya ya jozi moja kati na kufungua mlango kwa mifugo. Magogo yaliyoanguka yaacheni yaoze hapo hapo. Pengo lililoachwa na mti ndilo linalojaza vichaka baada ya miaka miwili au mitatu. Kuni chukueni kwenye miti iliyopandwa nje ya msitu. Kama kuna kaya zisizo na njia nyingine, ni afadhali zichague siku na sehemu moja kuliko kuzunguka msitu mzima kila siku, maana madhara yaliyokusanywa mahali pamoja yanaonekana na yanaweza kusimamishwa.

Lantana kwenye kingo ni habari ya tahadhari. Ni mmea vamizi na unafaa kuondolewa, lakini mara nyingi ndio kichaka pekee kilichobaki. Ng'oeni vipande vya mita tano kwa tano, pandeni vya asili, mvua mbili zipite, ndipo mwende kipande kinachofuata. Mkiing'oa yote kwa siku moja mtapata ukingo msafi na hakuna ndege.

Nina nusu ekari ya mikaratusi na misonobari michache inayogusa msitu. Nataka kurudisha miti ya asili. Nianzie wapi na nipande nini?
Mkulima, Werugha

Mzee, kabla ya kupanda chochote, ingia chini ya misonobari utazame. Mara nyingi miche ya asili imeshaota kutokana na mbegu zilizoletwa na ndege na upepo. Ihesabu, iwekee vijiti, ondoa nyasi nusu mita kuizunguka. Mche uliojiotea una mizizi iliyokwisha shika udongo, nao utaupita ule wa kitaluni kwa urahisi. Na uliza ofisi ya misitu kuhusu kibali kabla ya kukata, hata kama miti ni yako.

Usikate yote mara moja. Kata theluthi, anzia upande unaogusa msitu, na uangushe kuelekea shambani ili miti isiponde miche. Msonobari ukikatwa haurudi. Mkaratusi unarudi, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: mwaka mmoja baadaye kisiki kina machipukizi kumi na miche ya asili imefunikwa. Kata kisiki chini kabisa, kimenye gome hadi usawa wa udongo, na vunja machipukizi kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa walau mwaka mmoja na nusu.

Miti: changanya inayokua haraka na inayokawia. Ya haraka ni *Macaranga*, *Albizia gummifera* na *Polyscias fulva*. Hiyo itakupa kivuli. Inayokawia ni *Newtonia buchananii*, *Strombosia scheffleri*, *Prunus africana* na *Tabernaemontana stapfiana*. Nusu kwa nusu ni uwiano mzuri. Mbegu za *Prunus* hazikai: okota matunda yakiwa yamekuwa zambarau ya kiza, ondoa nyama, osha, kausha kivulini (kamwe si juani), na sia ndani ya wiki chache. Huchukua kama mwezi hadi mwezi na nusu kuchipua. Mbegu za *Newtonia*, zenye bawa, nazo hupoteza uhai upesi. Za *Albizia* zilizowekwa muda zikwaruze kidogo na uziloweke usiku mmoja.

Mche wa sentimita 30 hadi 40 ndio wa kutoa kitaluni. Mwezi mmoja kabla, punguza maji pole pole na uondoe kivuli ili ukomae. Shimo liwe sentimita 45 kwa 45, udongo wa juu urudi chini. Nafasi ya mita 2 kwa 2 inakupa miche 250 kwa kila ukanda wa mita 10 kwa 100, na ni bora kuliko 3 kwa 3 kwa kuwa majani yanagusana mapema na kuua nyasi. Usipange mistari iliyonyooka kama kambi ya jeshi.

Miche hufa kwa sababu zinazojulikana. Kwanza, kupandwa mvua zikiwa zinaisha. Panda wiki mbili za kwanza baada ya udongo kulowa, Machi mwishoni au Novemba. Pili, mizizi iliyojisokota ndani ya mfuko wa plastiki: mtu anapanda bila kukata kipande cha chini, mti unasimama miaka miwili kisha unaanguka. Tatu, mbuzi. Nne, na hii haiui mti bali lengo lako: kupalilia kila kitu hadi mwaka wa tano. Palilia duara la mche tu. Vichaka vya asili vinavyojaa katikati ndivyo apalisi atakavyoingia navyo, muda mrefu kabla miti yako haijawa mirefu.

Huku Chyulu wenye mkanda ni wengi. Kwa nini wasikamatwe jozi ishirini wakapelekwa Taita kuongeza damu?
Msomaji, Kibwezi

Kwa sababu wangeongeza damu isiyotakiwa. Wakizaana na wa Taita, vizazi vya baadaye vitakuwa mchanganyiko, na spishi uliyotaka kuiokoa itayeyuka ndani ya ile isiyohitaji kuokolewa. Wasipozaana, umewaletea wa Taita jozi ishirini za kugombania nao vichaka vile vile vilivyopungua, pamoja na vimelea walivyovizoea wao tu.

Kinachofikirika ni kuhamisha ndege wa Taita kutoka kipande kimoja hadi kingine cha milima hiyo hiyo. Lakini sharti lake ni gumu: kipande kinachopokea kiwe kimeshatengenezwa. Kupeleka ndege mahali ambapo kile kilichowamaliza wa awali bado kipo ni kuwapoteza mara mbili, na kipande kinachotoa nacho hakina wa kuazima.

Mimi niko Lushoto na hawa wenye mkanda nawasikia kila asubuhi. Basi sisi tulale usingizi?
Msomaji, Lushoto

Kwa spishi nzima, ndiyo. Kwa mlima wako, hapana. "Wasiwasi mdogo" ni hukumu ya dunia nzima na inaweza kukaa palepale hata kama kundi la mlima mmoja likitoweka. Kusini ndege huyu anaishi hadi bustanini, lakini katika Afrika Mashariki amejifunga zaidi kwenye misitu ya milimani na kingo zake, yaani ana mazoea yale yale yaliyomponza wa Taita. Tofauti ni kwamba Usambara Magharibi bado ina misitu ya kutosha, Magamba na Shume miongoni mwake.

Na ukishuka Amani, Usambara Mashariki, kuna ndege mwingine mdogo wa familia hiyo hiyo, *Artisornis moreaui* mwenye mdomo mrefu, ambaye kweli anatishiwa. Yeye hupenda mitambaazi iliyosongamana kwenye mapengo ya msitu, na hiyo ndiyo wakata miti hufyeka kwanza.

Je, wa Pare Kusini ni sawa na wa Lushoto?
Msomaji, Same

Spishi moja, nususpishi tofauti. Wenu anaitwa *Apalis thoracica pareensis*, na msitu wa Chome kwenye kilele cha Shengena ndio wa kuutunza.

Nimekuta kiota chenye mayai matatu. Nikizungushie waya wa kuku ili kisivamiwe?
Msomaji, Wundanyi

Hapana. Waya hugeuka alama kwa kima, na wewe mwenyewe unakanyaga njia na kuacha harufu kila unapokwenda kutazama. Wazazi wakitishwa siku za mwanzo wa kuatamia huweza kukiacha. Kitazame kwa darubini ukiwa mita 15 au zaidi, mara moja kwa siku tatu au nne, dakika chache, na usirudi kwa njia ile ile uliyoendea. Mayai ya apalisi huwa na rangi ya samawati hafifu yenye madoa ya hudhurungi, na mwenye mkanda huatamia kwa muda wa wiki mbili na siku kadhaa. Huyo mwenye mkanda huvamiwa pia na kekeo wa Klaas, anayetaga yai lake ndani ya kiota cha mwenzake. Ukiona kifaranga mmoja mkubwa kuliko wazazi, huyo ni mgeni, naye usimguse.

Nakuja nyumbani Desemba na ningependa kumwona. Rafiki amenipa sauti yake kwenye simu ya kuchezesha porini.
Msomaji, Toronto

Njoo, na sauti iache kwenye simu. Jozi inayosikia wimbo wa mgeni huacha kulisha na kuatamia ili ije kupigana na mtu asiyekuwepo, na katika kipande chenye jozi chache, wageni watano kwa wiki wenye simu ni usumbufu mkubwa. Chukua mwongoza wageni wa Wundanyi, fika Ngangao kabla ya jua kupanda, vaa nguo ya mvua. Ukungu ukishuka subiri. Ukiinuka ndipo wanaanza kuimba.

Sisi ni wanafunzi wanne wa chuo. Tunataka kuhesabu apalisi katika kipande kimoja kwa miaka miwili. Tutumie njia gani ili hesabu ikubalike?
Wanafunzi, Voi

Vibali kwanza: mwenye msitu, awe Huduma ya Misitu ya Kenya, kaunti au jamii, na kibali cha utafiti. Bila hivyo takwimu zenu hazitapokelewa popote.

Njia ya kawaida ni vituo: simama mahali, subiri dakika 2 ndege watulie, hesabu kwa dakika 10, andika kila ndege yuko ndani ya mita 25 au kati ya 25 na 50, kisha nenda kituo kingine kilicho mita 200 mbele. Kwa Ngangao inafaa. Kwa msitu wa hekta nane mtapata vituo viwili au vitatu, na hesabu ya vituo vitatu haina uzito. Huko tumieni ramani ya himaya. Chora msitu, tembeleeni mara 6 hadi 8 katika msimu mmoja wa kuzaliana, na kila mkisikia wimbo weka alama mahali hasa. Alama zikijikusanya pamoja katika safari tatu au zaidi, hiyo ni jozi moja. Andikeni hasa pale mnaposikia jozi mbili zikiimba kwa wakati mmoja, maana huo ndio ushahidi kwamba si jozi ileile iliyohama.

Makosa ni yaleyale kila mwaka. La kwanza ni kuhesabu dume na jike wanaoitikiana kutoka pande mbili kama jozi mbili. Idadi inakuwa maradufu na mnaripoti ongezeko ambalo halipo. La pili ni kutumia sauti ya kurekodi mwaka wa kwanza na kutoitumia wa pili. La tatu ni kubadilisha watu: masikio ya mwanafunzi wa mwaka wa pili si ya yule wa kwanza, kwa hiyo wote wanne pitieni sauti pamoja na kwa wiki ya kwanza hesabuni wawiliwawili kisha mlinganishe. Upepo, mvua na ukungu mzito ni siku ya kurudi nyumbani. Kama hamkwenda, andikeni "hatukwenda". Msiandike sifuri. Na miezi iwe ileile miaka yote miwili, kwani ndege wanaozaliana huimba mara nyingi zaidi kuliko wasiozaliana.

Pembeni ya utafiti wenu, kila safari inaweza kuingia pia kwenye Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imegawanywa miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, kama kilomita 9 kila upande. Orodha kamili inahitaji angalau saa 2 za kutazama ndani ya mraba mmoja, na inaweza kuendelea kwa siku 5. Spishi zinaandikwa kwa mpangilio mlioziona, na programu ya simu ya BirdLasser inaweka mahali na saa yenyewe. Apalisi wa Taita akiingia hapo, ingizeni na spishi nyingine zote mlizoziona siku hiyo, hata njiwa na kunguru.